Kurekebisha Mipangilio ya Kompaila: Mwongozo wa Kujenga Modeli ya WRF kwa Uchunguzi wa Dhoruba za Ziwa Victoria

Ziwa Victoria, ambalo eneo lake ni takriban kilomita za mraba 68,800, hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana, nchi kavu inapopata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu za Gusii na Kericho, na mvua za radi hujikusanya huko ifikapo alasiri. Usiku mwelekeo hugeuka: upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba huzuka juu ya ziwa kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Saa hizo ndizo ambazo wavuvi wa omena wa Mbita, Sindo, Rusinga na Mfangano katika Kaunti ya Homa Bay, pamoja na wenzao wa Sori na Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, huwa majini wakivua kwa taa. Kwa sababu hiyo mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ushirikiano na idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki, ulijikita katika kuboresha maonyo ya dhoruba kwa watu wanaolitegemea ziwa hili.

Mtafiti au mwanafunzi anayetaka kuzichunguza dhoruba hizo, awe katika Chuo Kikuu cha Rongo au katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya, anaweza kutumia WRF, modeli huria ya hali ya hewa iliyoendelezwa kwa uongozi wa NCAR, kituo cha utafiti wa angahewa kilichoko Boulder, Colorado, nchini Marekani. Sehemu kubwa ya WRF imeandikwa kwa lugha ya Fortran na sehemu ndogo kwa lugha ya C, na mtumiaji huipokea ikiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa na watunzi wake, ambayo kompyuta haiwezi kuyatekeleza mpaka yatafsiriwe. Kazi hiyo ya kutafsiri hufanywa na kompaila, na maagizo ambayo mjenzi huipa kompaila kuhusu namna ya kutafsiri huitwa swichi. Swichi isiyofaa huweza kuzuia ujenzi usikamilike, au, jambo lililo baya zaidi, kuruhusu ujenzi ukamilike na kutoa programu inayokokotoa upepo na mvua zisizo sahihi. Mipangilio ya kompaila basi ni sehemu ya chombo cha utafiti, kama ulivyo usahihi wa kipimamvua, na inastahili kuchaguliwa kwa sababu zinazoelezeka na kuandikwa kwa uaminifu.

Hatua ambazo hitilafu huzaliwa

Ujenzi wa programu ya kisayansi hupita hatua nne, na kila hatua ina aina yake ya hitilafu. Katika hatua ya kwanza, hati ya usanidi iitwayo "configure" huikagua kompyuta ili kujua kompaila gani ipo na maktaba gani zipo, maktaba zikiwa ni mikusanyiko ya kazi zilizokwisha kutafsiriwa ambazo programu nyingine huziazima. Katika hatua ya pili, kompaila hutafsiri kila faili ya msimbo kuwa faili ya lugha ya mashine. Katika hatua ya tatu, kiunganishi hukusanya faili hizo pamoja na maktaba na kutoa programu moja kamili, na katika hatua ya nne programu hiyo huendeshwa. Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, mjenzi anapaswa kujua hitilafu yake imetokea katika hatua ipi, kwa kuwa dawa ya hatua moja haiponyi ugonjwa wa nyingine.

Maandalizi yanayopunguza gharama

Mahali ambapo umeme hukatika na data ya intaneti hununuliwa kwa kadiri, kurudia upakuaji au ujenzi ni hasara halisi, na kwa hiyo maandalizi yana thamani kubwa. Vifurushi vyote vya msimbo chanzo, yaani WRF, WPS ambayo huandaa data za kuingiza, na maktaba za netCDF, vipakuliwe mara moja na kuhifadhiwa nje ya folda ya ujenzi. Pale ambapo mchapishaji ametoa alama ya uhakiki ya kifurushi, ilinganishwe na ile inayotolewa na amri "sha256sum", kwa sababu kifurushi kilichokatika njiani huleta hitilafu za ajabu ambazo hakuna swichi inayoweza kuziondoa. Ikumbukwe pia kwamba data za kijiografia za WPS za mwonekano wa juu hufikia makumi ya gigabaiti, na kwa majaribio ya ujenzi seti ya mwonekano wa chini inatosha.

Ikiwa ujenzi unafanyika kwenye seva ya mbali, uendeshwe ndani ya "tmux", programu ambayo huiacha kazi iendelee hata mtandao unapokatika. Halafu, kabla ya kuigusa WRF yenyewe, iandikwe programu fupi ya Fortran ya mistari michache na nyingine ya C, kila moja itafsiriwe na kuendeshwa, na amri "gfortran --version" na "gcc --version" zitekelezwe ili kuthibitisha kwamba kompaila zote mbili ni za toleo moja. Kompyuta ambayo imesasishwa nusu huweza kuwa na kompaila ya C ya toleo moja na ya Fortran ya toleo jingine, na tofauti hiyo ni bora igunduliwe kwenye programu ya mistari mitano kuliko kwenye WRF yenye mamia ya maelfu ya mistari.

Kusoma logi kuanzia kosa la kwanza

Logi ni faili inayohifadhi kila ujumbe uliotolewa wakati wa ujenzi. Ujenzi wa WRF hauonyeshi ujumbe wote kwa njia inayoweza kufuatiliwa kwa macho, kwa hiyo amri ya ujenzi iandikwe hivi: "./compile em_real 2>&1 | tee log.compile", ili ujumbe uonekane kwenye skrini na wakati huohuo uhifadhiwe. Ujenzi wa WRF huendelea hata baada ya faili moja kushindwa kutafsiriwa, na faili zote zinazoitegemea hiyo moja nazo hushindwa baadaye, jambo linalofanya mwisho wa logi ujae malalamiko ambayo hayana uhusiano wa moja kwa moja na chanzo cha tatizo. Anayeanza kusoma kutoka chini hutibu dalili. Anayesoma kutoka juu hukifikia chanzo.

Neno la kutafutwa ni "Error:" lenye herufi kubwa mwanzoni na nukta mbili mwishoni, kwa amri "grep -n 'Error:' log.compile | head", kwa sababu utafutaji wa neno hilo kwa herufi ndogo huleta mistari mingi isiyo na hitilafu, ikiwa ni pamoja na majina ya faili za WRF kama "module_wrf_error". Kosa la kwanza likishapatikana, mjenzi asome pia mistari inayolitangulia, maana humo huwamo amri kamili ambayo kompaila ilipewa pamoja na swichi zake zote. Maonyo, yaani ujumbe unaoanza na neno "Warning", hayazuii ujenzi, na katika programu kubwa huwa mengi. Yasomwe baadaye, isipokuwa pale yanapohusu faili ileile iliyoshindwa.

Maktaba na kompaila visivyopatana

Kisa kinachowakwamisha wajenzi wengi zaidi kinahusu netCDF, mfumo wa kuhifadhi data za kisayansi ambao WRF huutumia kusoma na kuandika matokeo yake. Maktaba hii ina sehemu mbili zinazosambazwa kando kando, moja ya C na nyingine ya Fortran, na WRF huzihitaji zote mbili chini ya folda moja ambayo anwani yake hutolewa kwa kigeu cha mazingira kiitwacho NETCDF. Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani ambalo mfumo wa uendeshaji hulikabidhi kwa kila programu inayoanzishwa. Logi ikisema kwamba faili "netcdf.mod" haikupatikana, basi ama sehemu ya Fortran haikusakinishwa, ama kigeu hicho kinaelekeza mahali pasipo sahihi.

Logi ikisema badala yake kwamba faili hiyo imeonekana lakini iliundwa na toleo jingine la GNU Fortran, tatizo ni la namna nyingine. Faili zenye kiambishi ".mod" ni muhtasari wa moduli za Fortran ambao kila kompaila huuandika kwa muundo wake yenyewe, na kompaila ya mtengenezaji mmoja haisomi muhtasari wa mwingine. Hakuna swichi itakayoondoa kikwazo hiki. Dawa yake ni kuijenga upya netCDF ya Fortran kwa kompaila ileile itakayoijenga WRF, na amri "nf-config --all" husaidia kuonyesha ni kompaila gani iliyotumika kuijenga maktaba iliyopo.

Hitilafu za hatua ya kuunganisha hutambulikana kwa maneno "undefined reference", yaani kiunganishi kimeambiwa itumike kazi fulani lakini hakikuipata katika maktaba yoyote iliyotajwa. Jina la kazi hiyo huonyesha maktaba inayokosekana: majina yanayoanza na "nf_" ni ya netCDF ya Fortran, na yale yanayoanza na "nc_" ni ya netCDF ya C. Mpangilio wa maktaba kwenye amri una maana, kwa sababu kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na maktaba inayoazima lazima itangulie ile inayoazimwa. Ndiyo sababu "-lnetcdff" huandikwa kabla ya "-lnetcdf". Ikiwa ujenzi umekamilika lakini programu inakataa kuanza kwa kukosa faili kama "libnetcdff.so", amri "ldd" itaonyesha maktaba zisizopatikana, na folda zilimo maktaba hizo ziongezwe kwenye kigeu LD_LIBRARY_PATH.

Msimbo wa zamani na kompaila mpya

Kompaila hubadilika, na msimbo uliokubaliwa jana huweza kukataliwa leo. GCC toleo la 10, lililotoka mwaka 2020, lilianza kuhesabu kuwa kosa pale ambapo kazi moja ya Fortran inaitwa mahali pawili kwa hoja za aina tofauti, ilhali matoleo yaliyotangulia yalitoa onyo tu. Ujumbe wake hutaja "Type mismatch" au "Rank mismatch", na swichi inayorudisha uvumilivu wa zamani ni "-fallow-argument-mismatch". Matoleo mapya ya WRF huiongeza yenyewe, lakini anayejenga toleo la zamani huiandika kwa mkono katika faili "configure.wrf", na anayejenga toleo la zamani la netCDF ya Fortran huipitisha kwa vigeu FFLAGS na FCFLAGS kabla ya usanidi.

Vivyo hivyo GCC toleo la 14, la mwaka 2024, lilifanya kuwa kosa hali ambapo kazi ya C inatumiwa bila kutangazwa kwanza. Swichi "-Wno-error=implicit-function-declaration" hulirudisha kosa hilo kuwa onyo. Swichi za namna hii zitumike kwa maktaba za zamani ambazo zilijulikana kufanya kazi vizuri kabla ya badiliko hilo. Katika msimbo ambao mtafiti ameuandika mwenyewe, kosa lirekebishwe kwenye msimbo, kwa sababu kompaila mara nyingi huwa imeona dosari ya kweli.

Kumbukumbu inapopungua

Baadhi ya faili za WRF ni ndefu mno, na kuzitafsiri hula kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, kwa wingi. Kwenye kompyuta ndogo, ujumbe unaosema "Killed signal terminated program f951" humaanisha kwamba mfumo wa uendeshaji umeikatiza kompaila ya Fortran, na sababu ya kawaida ni kwisha kwa kumbukumbu. Msimbo wenyewe hauna kosa. Amri "./compile -j 1 em_real" hulazimisha faili zitafsiriwe moja baada ya nyingine badala ya kadhaa kwa pamoja. Ujenzi huchukua muda mrefu zaidi, lakini hukamilika. Pale ambapo hata hilo halitoshi, nafasi ya ziada ya kubadilishana (swap), inayoisaidia RAM, itengwe kwenye diski.

Ujenzi wa WRF kwa hali halisi huhesabiwa kuwa umefaulu pale tu faili "wrf.exe", "real.exe", "ndown.exe" na "tc.exe" zinapokuwepo katika folda "main". Kwa WPS, kukosekana kwa "ungrib.exe" peke yake huashiria tatizo la maktaba ya kusomea data za GRIB2, hasa JasPer, ilhali kukosekana kwa "geogrid.exe" na "metgrid.exe" huku "ungrib.exe" ikiwepo huashiria kwamba WPS haijaipata WRF iliyojengwa au netCDF. Baada ya kubadilisha kompaila au usanidi, amri "./clean -a" itangulie ujenzi mpya, ili faili za mipangilio ya zamani zisichanganyike na za mipangilio mipya.

Programu iliyojengwa lakini inaanguka

Programu ikianguka kwa ujumbe "Segmentation fault" mara tu inapoanza, hatua ya kwanza ni kutekeleza "ulimit -s unlimited" kwenye kidirisha kilekile cha amri, kwa sababu WRF huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kumbukumbu ya muda kuliko ile ambayo Linux huitoa kwa kawaida. Ikiwa ujumbe ni "Illegal instruction", programu imejengwa kwenye mashine moja na kuendeshwa kwenye nyingine yenye prosesa ya kizazi cha zamani; swichi "-march=native" huiamuru kompaila itumie uwezo wote wa prosesa iliyopo wakati wa ujenzi, na swichi hiyo iondolewe pale ambapo programu itahamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Kuanguka kusikokuwa na maelezo hushughulikiwa kwa kujenga nakala ya uchunguzi kwa "./configure -D", ambayo huondoa uboreshaji wa kasi na kuiwekea programu ukaguzi wa mipaka ya safu za data na wa makosa ya hesabu. Nakala hiyo huenda polepole sana, kwa hiyo iendeshwe kwa saa chache za modeli juu ya eneo dogo, kwa mfano Ghuba ya Homa peke yake, mpaka itaje faili na mstari ambapo kosa linatokea.

Kasi na ukweli wa matokeo

Swichi za "-O0" hadi "-O3" huiambia kompaila ijitahidi kiasi gani kuongeza kasi. Kiwango cha "-O2" kwa kawaida ni salama. Swichi ya kuogopwa ni "-ffast-math", kwa kuwa huiruhusu kompaila ibadilishe mpangilio wa hesabu na kudhani kwamba thamani isiyo namba, iandikwayo NaN, haitatokea kamwe. Vipimo vilivyowekwa ndani ya programu kuinasa thamani hiyo huweza kufutwa kimyakimya, na modeli ikaendelea mbele ikiwa imekwisha kuharibika.

Kila badiliko la swichi za kasi lipimwe kwa namna hii: modeli iendeshwe kwa saa moja kwa "-O0", kisha kwa swichi mpya, na matokeo yalinganishwe kwa "diffwrf", programu ya kulinganisha inayokuja pamoja na WRF. Tofauti ndogo katika tarakimu za mwisho ni ya kawaida, na hukua kadiri saa zinavyopita kwa sababu ya asili ya angahewa yenyewe. Tofauti kubwa katika hatua ya kwanza kabisa ya hesabu haina utetezi huo, na swichi iliyoileta iachwe.

Pale kompaila isipokuwa na hatia

Si kila tokeo baya linatokana na kompaila. Modeli ya WRF isipopewa halijoto ya maji ya Ziwa Victoria katika data za kuingiza, huenda ikaijaza kwa kuikadiria kutoka kwenye bahari iliyo mbali, na kwa kuwa tofauti ya joto kati ya maji na nchi kavu ndiyo inayoziendesha dhoruba za usiku, mvua yote juu ya ziwa hupotoka. WPS ina programu ndogo "avg_tsfc.exe" inayokokotoa wastani wa halijoto ya uso ili utumike kwa maziwa, mradi data za matumizi ya ardhi zinazoyatenga maziwa na bahari zimechaguliwa. Mjenzi anayeona mvua isiyoaminika atazame kwanza ramani ya halijoto ya ziwa kabla ya kurudi kwenye swichi.

Kanuni zilezile kwa programu nyingine

Yaliyoelezwa hapa hayaihusu WRF peke yake. Homa Bay ndiko Kenya ilikozindua utoaji wa majaribio wa chanjo ya malaria ya RTS,S tarehe 13 Septemba 2019, na watafiti wa malaria hutumia modeli kama OpenMalaria, iliyoandikwa kwa C++ na kujengwa kwa CMake, programu ya kusimamia ujenzi. Humo kosa la netCDF hurudi kwa sura nyingine: maktaba za C++ zilizojengwa kwa mipangilio tofauti na ya programu huleta "undefined reference" zenye maneno "__cxx11", na dawa ni ileile ya kujenga vyote kwa kompaila moja. Vilevile CMake hukumbuka kompaila ya kwanza katika faili "CMakeCache.txt", kwa hiyo anayebadilisha kompaila aanze katika folda mpya ya ujenzi.

Daftari la ujenzi

Mjenzi abadilishe mpangilio mmoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe kabla ya jingine kujaribiwa. Daftari linalofaa hutaja toleo la mfumo wa uendeshaji, toleo la kila kompaila na la kila maktaba, faili kamili ya "configure.wrf", amri ya ujenzi kama ilivyoandikwa, mistari ya kosa la kwanza, na matokeo ya jaribio la saa moja. Anayeomba msaada kwa mwenzake akiwa na maelezo hayo humwezesha kuona tatizo bila kukisia, na anayechapisha utafiti wake humwezesha msomaji kuijenga modeli ileile na kuihakiki.

Daftari hilo lina jukumu jingine lililo zito zaidi. Utabiri rasmi wa ziwa upande wa Kenya hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na modeli iliyojengwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi isipelekwe kwa kamati za usimamizi wa fuo kana kwamba ni onyo, hata kama imekamilika bila kosa lolote katika logi. Ilinganishwe kwanza na vipimo vya mvua na upepo kwa misimu yote ya mwaka, na mipangilio iliyoizaa iwekwe wazi mbele ya wataalamu wa idara hiyo, ili imani itakayowekwa kwake itokane na ushahidi.